Skana ya mkono kwenye kompyuta ya zamani: mwongozo kamili kutoka meza ya fundi, Dodoma

Mwezi wa saba, siku ambazo upepo wa Dodoma hauachi mlango wala dirisha salama, mwalimu mmoja mstaafu kutoka Mpwapwa aliingia kibandani kwangu na mpwa wake aliyebeba boksi kichwani. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti. Boksi lilikuwa na kompyuta ya 386 (yenye prosesa ya Intel 80386) iliyofungwa kwa shuka, skana ya mkono aina ya GeniScan, kadi yake, na disketi mbili.

"Kijana wangu," akasema, "hivi alivileta mdogo wangu alipomaliza masomo Uingereza. Nimezunguka kwa mafundi watatu, wote wananiambia nitupe. Kompyuta yenyewe inawaka. Ila picha zinatoka zimebonyea, mtu anakuwa mfupi kama kinu."

Nikaigeuza ile skana juu chini. Rola yake ya mpira ilikuwa imelainika na kunata kama jojo lililoachwa juani. Nikamwonyesha. "Kompyuta yako haina kosa, mwalimu. Huyu ndiye mgonjwa."

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya siku ile. Mtu akipata skana ya mkono, akili yake yote inakimbilia kwenye kadi, draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa) na kompyuta, na ni kweli huko kuna kazi. Lakini skana hizi hazina mota ndani. Anayeisukuma ni wewe, na inayohesabu umesogea kiasi gani ni ile rola. Rola ikidanganya, hakuna programu itakayokuokoa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye rola, na mengine nitayapita haraka.

Kama haja yako ni nakala ya cheti tu, chukua simu upige picha, umalize. Mwongozo huu ni wa mwenye kompyuta ya zamani anayetaka ifanye kazi iliyokuwa inafanya, au mwenye picha anazotaka kuzitia kwenye mashine hiyo hiyo. Huku kwetu vifaa hivi ni adimu kuliko kwingine. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, kwa hiyo kompyuta za nyumbani za Commodore 64 na ZX Spectrum zilipotoka mwaka 1982 na kujaa vyumbani mwa vijana wa Ulaya, sisi tulikuwa pembeni. Zilizopo Dodoma nyingi zilikuja baadaye, kwenye masanduku ya waliosoma nje au kwenye mizigo ya mitumba. Ukipata moja, usiitupe.

Kidude chenyewe kinafanyaje kazi

Skana ya mkono ya miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 ina umbo la herufi T, mpini nyuma na kichwa kipana mbele. Utakutana na majina kama Logitech ScanMan, GeniScan, na Mustek. Nyingi zinasoma upana wa milimita 105. Ndani kuna safu ya taa ndogo za LED zinazomulika karatasi, kioo cha kujitazamia kilicholazwa mshazari, lenzi, na kihisio chembamba kinachosoma mstari mmoja tu wa picha kwa wakati.

Rola ikizunguka inazungusha kisahani chenye matundu membamba. Mwanga unapita na kukatika kwenye matundu hayo, na kila ukikatika kiasi fulani skana inapata amri: soma mstari mwingine. Ukisimama, haisomi. Rola ikiteleza bila kuzunguka, umesogea lakini mistari haijasomwa, na picha inatoka fupi. Ndiyo maana ya mtu wa mwalimu kuwa kama kinu.

Pembeni utakuta swichi ya vitone kwa inchi, kwa kawaida 100, 200, 300 na 400. Kuna swichi nyingine ya aina ya kazi, maandishi au picha, na picha huwa na namna tatu. Kuna gurudumu dogo la kuongeza au kupunguza weusi, na kitufe cha kuanzia cha kubonyeza kwa kidole gumba.

Piga hesabu ya memori kabla ya kushika bisibisi

Skana nyingi za aina hii zinatoa biti moja kwa kila kitone, nyeusi au nyeupe. Chukua upana wa milimita 105 na urefu wa inchi 10. Kwa vitone 100 unapata kama kilobaiti 50. Kwa 200 inapanda hadi kama kilobaiti 200. Kwa 400 unapata vitone 1,653 kwa upana na mistari 4,000 kwa urefu, yaani karibu kilobaiti 810.

Sasa linganisha na mashine yako. Commodore 64 ina kilobaiti 64 zote kwa jumla, na skrini yake kwa picha kali ni vitone 320 kwa 200, kwa hiyo hata vitone 100 kwa inchi vinazidi upana wa kioo. Amiga 500 ilitoka mwaka 1987 na kilobaiti 512. Hapo vitone 200 vinaenda vizuri, 400 ni kwa vipande vifupi. Kompyuta ya DOS, ule mfumo wa zamani wa kuandika amri, ina kilobaiti 640 za chini kwa programu za kawaida, ila ukiwa na 386 yenye megabaiti 4 na programu inayojua kuzitumia, utapumua.

Watu wengi wanaanza na 400 kwa sababu ni namba kubwa. Mimi naanza na 200 kila mara. Napanda tu nikiwa na sababu.

Jambo jingine ni njia ya kuunganisha. Kwenye kompyuta za DOS skana inakuja na kadi yake ya kuchomeka ndani, kwenye nafasi ya ISA, yaani tundu la kadi la zamani kwenye mazabodi. Kwenye Atari ST, kompyuta nyingine ya nyumbani ya wakati huo, hukaa tundu la katriji, kwenye Amiga nyingi hutumia tundu la printa. Skana bila kadi yake ni nusu ya kifaa, maana plagi zinaweza kufanana na nyaya zikapangwa tofauti. Usijaribu kadi ya kampuni nyingine kwa sababu tu imeingia. Na kompyuta za siku hizi hazina ISA kabisa, kwa hiyo usinunue skana ukitegemea utapata kibadilishi cha kuichomeka kwenye laptopu.

Kuiandaa kompyuta

Geuza kompyuta, angalia nyuma ya pawa saplai. Nyingi zina swichi nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Kwetu umeme ni 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa kwenye 115 ukaichomeka ukutani, utasikia mlio mmoja na habari yake itakuwa imeisha.

Fungua kava. Tafuta betri ndogo ya pipa, mara nyingi ya bluu au kijani, iliyochomelewa kwenye mazabodi. Hizo zinavuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba. Ikate uitoe, hata kama inaonekana nzima. Palipoota ukungu wa kijani, pitisha pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, uache pakauke kabisa. Kompyuta itasahau tarehe na vipimo vya diski ukizima. Viandike kwenye karatasi, ubandike ndani ya kava.

Vumbi la hapa ni jembamba, linaingia hata penye shuka. Usilipulize kwa mdomo, maana mate yanalifanya udongo. Tumia brashi ya rangi iliyo kavu na mpya. Mimi kazi hii naifanya alfajiri kabla upepo haujaamka, nimenyunyiza maji sakafuni.

Rola

Hapa punguza mwendo.

Jaribu kwanza kwa kidole. Rola nzima inashika ngozi kidogo na kuzunguka bila kukwama. Iliyokauka inang'aa na kuteleza. Iliyoyeyuka inaacha weusi kidoleni.

Iliyokauka tu ndiyo rahisi. Futa kwa spiriti, iache ikauke, kisha ipitishe msasa laini namba 400 huku ukiizungusha polepole mpaka mng'ao uondoke. Usisugue upande mmoja. Utapata bonde, na bonde litaonekana kwenye kila picha.

Iliyoyeyuka inabidi ivuliwe. Fungua skirubu za chini. Mojawapo mara nyingi imejificha chini ya stika, kwa hiyo papasa stika kwa ukucha kabla hujaanza kutumia nguvu. Kava likiachia, usilivute kwa ghafla, kuna waya mwembamba unaoenda kwenye kitufe. Piga picha kwa simu kila hatua. Toa rola na ekseli yake, kwangua mpira wote kwa kijiti, malizia kwa kitambaa chenye spiriti hadi ekseli ing'ae. Kile kisahani chenye matundu usikitie spiriti. Kwenye baadhi ya skana mistari yake imechapwa kwa wino, na wino unatoka. Brashi kavu inatosha.

Mpira mpya nilianza kuutafuta kwa mafundi baiskeli. Nilikata utepe wa tyubu, nikauviringisha kwenye ekseli, nikabana kwa gundi. Nilijiona fundi kweli kweli. Picha ya kwanza ikatoka na mkunjo kila baada ya sentimita tatu hivi, kama bati la nyumba. Pale tyubu ilipokutana kulikuwa na kinundu, na kila mzunguko kinundu kilikuwa kinairusha skana.

Kilichonifaa ni ile mirija ya plastiki inayosinyaa kwa moto, ambayo mafundi umeme huvalisha kwenye maungio ya waya. Haina maungio. Vaa mrija wa kwanza, pasha kwa moto wa kiberiti cha gesi ukiwa mbali kidogo na ukizungusha, uache upoe. Vaa wa pili. Endelea hadi unene ukaribie wa zamani, kisha kwaruza kwa msasa namba 400 ili ipate kushika.

Unene ndio kila kitu. Rola ikiwa nene kuliko ya asili, mzunguko mmoja unafunika safari ndefu zaidi, mistari inapungua, picha inabonyea. Ikiwa nyembamba, picha inarefuka. Na kwa kuwa mpira wa zamani ulishayeyuka, huna cha kupima. Tutaipima kwa njia nyingine baadaye, kwa rula. Kwa sasa ikaribie tu, na iwe nene kidogo kuliko nyembamba, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza.

Kabla hujafunga, futa kile kioo cha chini kwa kitambaa cha miwani, pande zote mbili. Chembe moja ikibaki, itakuandikia mstari mmoja ulionyooka tangu mwanzo wa picha hadi mwisho.

Kadi na draiva

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kava. Meno ya kadi yasugue kwa ufutio wa penseli, yapanguse, kisha ikandamize kadi kwenye nafasi yake hadi izame sawasawa. Ifunge skirubu. Skana yenyewe ichomeke kompyuta ikiwa imezimwa, kila mara, bila kujali una haraka gani. Kwenye Amiga hili ni zito zaidi: nyaya za tundu la printa zinaenda moja kwa moja kwenye chipu ya 8520, na kuchomeka huku umeme upo kunaweza kuiunguza.

Kadi ina vijampa, vidude vidogo vya kuunganisha pini mbili, vya kuchagua anwani, njia ya DMA na wakati mwingine IRQ, namba ambayo kifaa hutumia kumwita prosesa. DMA ndiyo inayomwaga data ya skana kwenye memori bila kumsumbua prosesa. Kadi ya biti 8 kwa kawaida inakupa kuchagua 1 au 3. Namba 2 ni ya flopi, iache. Kadi ya sauti ya Sound Blaster hupenda 1, hivyo kama unayo, ipe skana 3. Lakini kwenye mashine za zamani zaidi za XT, diski kuu hutumia 3. Huko chukua 1. IRQ nayo ina wenyewe: 4 na 3 ni za matundu ya siriali, 7 ni ya printa, na 5 mara nyingi iko wazi isipokuwa kadi ya sauti imeikalia. Andika ulichochagua kwenye karatasi ile ile ya vipimo vya diski. Programu itakuuliza, na wakati huo kava litakuwa limeshafungwa.

Kabla ya kugusa disketi za draiva, zinakili. Disketi ya miaka thelathini unaweza kuisoma mara moja tu. Moja ya mwalimu ilikuwa na ukungu. Nilifungua kifuniko chake, nikafuta utando kwa spiriti na pamba nikiuzungusha kwa kidole, nikainakili mara moja, na baada ya hapo haikusomeka tena.

Programu ya kusimika huongeza mstari kwenye CONFIG.SYS, faili ambayo DOS huisoma inapowaka, unaoita faili ya draiva yenye mwisho wa .SYS. Baada ya kuwasha upya, andika MEM /C uone kama draiva imepanda na memori ya chini imebaki kiasi gani. Kama skana inagoma na unatumia EMM386, programu ya DOS ya kusimamia memori, ondoa mstari wake kwa muda ujaribu. Ikikubali bila EMM386, irudishe ukiwa umeongeza D=64 mwishoni mwa mstari wake, ili itenge nafasi kubwa zaidi ya DMA.

Jaribio la rula

Tafuta rula ya plastiki nyeupe yenye alama nyeusi. Weka swichi kwenye 200 na kwenye maandishi. Ilaze rula kwa urefu kuelekea kwako, ivute skana polepole kutoka alama ya 0 hadi kupita ya 10. Kisha kwenye programu kata picha kutoka alama ya 0 hadi ya sentimita 10, usome urefu wake kwa vitone.

Sentimita 10 kwa vitone 200 kwa inchi ni mistari 787. Rola yangu ya mirija mara ya kwanza ilinipa 741. Gawa 741 kwa 787, unapata 0.94, maana yake rola ni nene mno na inapaswa kuwa asilimia 94 ya ilivyo. Ilikuwa milimita 9, kwa hiyo niliilenga 8.5. Niliibana ekseli kwenye drili, nikaizungusha taratibu juu ya msasa, nikapima, nikarudia. Mara ya nne ikasoma 784, nikaiacha.

Rudia jaribio mara tatu kwa mwendo tofauti. Ukipata namba zinazokaribiana, rola inashika. Zikirukaruka, bado inateleza, ongeza ukwaruzo.

Mkono na meza

Meza ya mbao yenye mabonde haifai. Nenda kwa muuza vioo, kata kipande cha kioo cha dirisha chenye ukubwa wa gazeti lililokunjwa, kilaze juu ya blanketi. Upande wa kushoto bandika fito ya mbao iliyonyooka. Ubavu wa skana utaegemea fito hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na picha haitapinda.

Picha au karatasi ilaze juu ya kioo na uifunike kwa nailoni angavu, ile ya kufunikia ripoti inayouzwa dukani kwa wauza vifaa vya ofisi. Nailoni inailinda picha dhidi ya rola na kuizuia isikunjamane. Usiweke kioo juu ya picha. Lenzi imepangwa kusoma kilicho karibu kabisa na uso, na unene wa kioo utaleta ukungu.

Simama. Shika mpini bila kuukaba. Bonyeza kitufe, taa iwake, vuta kuelekea kwako kwa bega na kiwiko, kifundo cha mkono kikae kimya. Picha ya urefu wa sentimita 15 kwa vitone 200 mimi huichukulia kama sekunde 10. Kwa 400 ongeza mara mbili. Skana nyingi zina taa ndogo au mlio wa kukuonya kwamba umekimbia. Ukionywa katikati, usipunguze mwendo uendelee. Rudia kutoka mwanzo, maana mistari imeshapotea.

Picha, gazeti na kanga

Picha za kusafishwa studio za saizi ya kawaida zina upana wa milimita 89, na zile kubwa kidogo 102. Zote zinaingia ndani ya 105 kwa mpigo mmoja, ingawa ya 102 inataka uipange vizuri. Weka swichi kwenye picha. Skana itavunja rangi za kijivu kuwa vitone vyeusi vilivyosambaa, na jicho litaviona kama vivuli. Hapa ndipo 400 inapopata sababu: miraba ya vitone 4 kwa 4 inakupa ngazi 17 za kijivu, na bado unabaki na miraba 100 kwa inchi. Skana za baadaye kama ScanMan 256 zinasoma vivuli 256 vya kweli, lakini faili zake nazo ni nzito.

Picha ya gazetini ni kinyume. Yenyewe tayari ni vitone vya kiwandani. Ukiiskani kwa swichi ya picha, vitone vya skana vinagombana na vya gazeti na unapata mawimbi kama ya nguo ya hariri. Tumia swichi ya maandishi, vitone 300, na ucheze na gurudumu la weusi.

Rangi ya taa nayo ina maneno. Skana yenye taa ya kijani au manjano-kijani inaona nyekundu kama nyeusi. Yenye taa nyekundu haioni nyekundu kabisa. Muhuri mwekundu wa ofisi chini ya taa nyekundu unapotea, na barua inaonekana haijawahi kugongwa muhuri. Hii ni shida au msaada kulingana na unachotaka: nimewahi kufuta masahihisho ya kalamu nyekundu kwenye insha ya zamani bila kugusa karatasi.

Kuna kitu skana ya mkono inafanya ambacho ile ya kulaza karatasi haikiwezi: inakwenda kwenye kitu badala ya kitu kuja kwake. Mke wangu ana kanga ya mama yake, imechanika, jina bado linasomeka. Niliitandaza juu ya ubao, nikaivuta na kuibana kwa pini za kubandikia kila upande, nikaweka 100 na maandishi, nikapita juu ya jina kwa mpigo mmoja wa sentimita 50. Faili ikawa kama kilobaiti 100. Kanga ile ina maandishi meusi kwenye uwanja mweupe. Ya pili ilikuwa maandishi meusi kwenye nyekundu, na kwa taa yangu ya kijani vyote viligeuka kiza kimoja.

Karatasi ya A4

A4 ina upana wa milimita 210, yaani 105 mara mbili kamili. Inaonekana kama zawadi, lakini ni mtego, maana mipigo miwili ya kugusana haina sehemu ya kuingiliana na huwezi kuiunganisha. Dawa yake ni kuacha pambizo. Barua ya kawaida ina maandishi ya upana kama milimita 170. Skani kushoto kuanzia ukingo wa maandishi, kisha kulia ukimalizia ukingo wa pili, na katikati vipande vitapandana kwa kama sentimita 4. Kabla hujaanza, weka alama mbili za penseli hafifu katikati ya ukurasa, juu na chini. Ndizo utakazolinganisha kwenye programu. Mwendo wa mipigo yote miwili uwe mmoja. Ukikimbia wa pili, mistari ya chini haitakutana.

Kama una programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, tumia 300. Kiswahili kina bahati hapa, herufi zetu hazina vikofia. Ila kamusi yake ya Kiingereza izime, la sivyo itakusahihishia, na ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo ikague kwa macho, maana mara nyingi inameza au inaifanya koma.

Kuitoa picha

Hifadhi kwa aina ya faili ya PCX au TIFF kwenye DOS. Amiga ina IFF yake. Faili ya kilobaiti 810 inaingia disketi ya megabaiti 1.44 bila shida, na kisomaji cha flopi cha USB kinaisoma kwenye kompyuta ya sasa. Disketi za Amiga zenyewe, za kilobaiti 880, kisomaji hicho hakizielewi. Kwenye Workbench (mfumo wa Amiga) 2.1 na kuendelea kuna CrossDOS, inayoandika disketi za kilobaiti 720 za kawaida. Ukiwa na MS-DOS 6 unaweza kutumia programu yake ya INTERLNK na waya wa siriali kati ya mashine mbili za DOS. Usiache kasi kwenye biti 9600 kwa sekunde, faili hiyo moja itakuchukua robo saa. Upande wa pili, kwenye kompyuta ya sasa, programu ya IrfanView inafungua PCX na IFF zote.

Umeme wetu unajulikana. Hifadhi kila mpigo kabla ya kuanza unaofuata, hata kama umetoka vibaya.

Ikigoma

Ikiganda mara tu unapobonyeza kitufe, ni DMA au IRQ. Rudi kwenye vijampa. Taa isipowaka, angalia plagi na, kama skana yako ina adapta ya pembeni, ipime kwa mita kabla ya kulaumu chochote. Picha ikiwa nyeusi yote, zungusha gurudumu. Ikiwa na uwiano wa ajabu huku jaribio la rula limepita, swichi ya skana na namba iliyoandikwa kwenye programu hazilingani. Mstari wa urefu ni vumbi kwenye kioo, mikunjo ya upana ni rola.

Ukimaliza, usiiweke skana ikiwa imesimama kwenye rola yake. Mpira utapata ubapa mahali pamoja. Ilaze kwa mgongo, ndani ya mfuko wa kitambaa kisichotoa nyuzi, ndani ya boksi lenye kifuniko. Ya mwalimu niliirudisha hivyo, na flashi yenye picha 31. Ya kwanza aliyoomba kuiona ilikuwa ya mdogo wake, amesimama mbele ya basi, urefu wake kamili.